Moto wa Mashine

Miaka ile ya Zaire, jioni ya Kamina iliingia pamoja na mlio wa treni kutoka stesheni. Numbi, msichana wa miaka kumi na mmoja, alimnawisha mikono babu yake, Kambo Kyungu (kambo kwao ni babu), kisha wakala bukari, ugali wa kwao, katika sahani moja. Kambo aliombea chakula kwa sala ndefu kama safari ya Lubumbashi. Halafu akasimulia alivyokuwa akitia makaa katika mashine ya treni, uso ukimwaka.

Mwaka mmoja Kambo alianza kujikuna. Miezi ikapita, malengelenge makubwa yaliyojaa maji yakamtoka mapajani na mikononi.

"Hii njo moto wa mashine," alisema jirani, Mama Mputu. "Ulimuingia zamani, sasa unatoka."

Kambo akaamini. Mama yake Numbi, akiogopa watoto wataambukizwa, akamtengea mzee sahani yake. Jioni hiyo Kambo alisali peke yake pembeni, na sala ikawa fupi. Numbi akasukuma kando bukari yake.

Hospitalini daktari alimuuliza, "Mzee, umepatwa na nini?"

"Moto wa mashine, Docteur."

Daktari akampa dawa ya kupaka, ya majeraha ya moto. Haikusaidia. Malengelenge yalizidi, na Kambo akaacha kula. Waliporudi hospitalini, Numbi alikuwa amemshika mkono.

"Docteur," alisema polepole, "hiyo mashine iko ya zamani. Kambo aliacha kazi mbele ya minyi, mjukuu wake, kuzaliwa. Alianza na kujikuna tu."

Daktari alimgeukia Kambo. "Kumbe. Nilidhani ameungua juzi."

Akamchunguza upya, akakata kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka Lubumbashi kipimwe. Majibu yalipofika, akawaeleza: "Ulinzi wa mwili wake umekosea, unaipiga vita ngozi yake mwenyewe. Ugonjwa huu huwapata zaidi wazee. Hauambukizi. Vidonge hivi tutavipunguza kidogo kidogo. Hata ngozi ikipona, asiviache ghafla."

Ngozi ikakauka. Jioni moja Mama akaleta sahani kubwa, moja tu.

"Papa, unisamehe," alimwambia mzee.

"Na minyi nilimpelekea daktari hadithi, si ugonjwa," Kambo alijibu. "Numbi, ukifika kwa daktari, sema ulichoona na namna kilivyoanza. Jina la ugonjwa umwachie yeye."

Kisha akafumba macho kusali. Sala ikawa ndefu, bukari ikapoa, na hakuna aliyelalamika.