Santuri kwa Luciana, Gramafoni kwa Gaspari

Mkono wa Gaspari uliifikia ile santuri, ukakuta mkono wa msichana umeshatangulia. Duka lile la karibu na stendi ya Singida lilikuwa limefurika watu wa sukari na mafuta ya taa, na santuri yenyewe ilibaki hiyo hiyo moja: Leonidas na Kinampanda Jazz. Bendi ilirekodi mara moja tu ikafa, lakini tarumbeta zake, we acha. Ukizisikia unasahau ugali mezani.

"Dada, niachie hiyo."

"Na mimi nani ataniachia?"

Alivaa gauni la maua ya njano, kitambaa kimefungwa kisogoni. Gaspari, na suruali yake ya bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene, alijiona ghafla kama kaazima nguo.

"Una gramafoni?" akamuuliza.

"Sina."

"Mimi ninayo. Ya betri, kaniachia mjomba."

Msichana akamkagua kuanzia raizoni mpaka nywele. "Basi santuri inakaa kwangu, gramafoni inakaa kwako. Ukileta ujanja, utasikiliza sindano."

Huyo ndiye Luciana, aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake akijifunza cherehani. Ikawa kila Jumapili akitoka kanisani anapita na santuri kwenye kikapu, wanakaa barazani, na Mama Dina mwenye nyumba anachambua mlenda karibu nao asikose neno.

Gaspari alikuwa na neno lililomkaa kooni. Akaona alipeleke redioni: akatuma kadi ya salamu Dar es Salaam. Siku ikafika, Jumapili, Luciana hajatokea bado. Mtangazaji akasoma majina yao, halafu Kinampanda Jazz wakapiga. Gaspari akaiongeza sauti redio ya Mama Dina mpaka mwisho.

Luciana hakuja siku hiyo, wala Jumapili iliyofuata. Shangazi akasema amekwenda kwao Issuna, wazazi wanahamishiwa kijiji cha ujamaa huko huko, wanataka mikono ya kujenga. Hakuacha neno lolote.

Hapo Gaspari akajua kosa lake. Kamtaja mtoto wa watu nchi nzima ikisikia, kabla hajabisha hodi kwao. Akakaa masika yote na gramafoni bubu, mpaka yakamshinda. Akadandia lori la mbegu za alizeti, gramafoni mapajani.

Issuna aliwakuta kwenye nyumba mpya, udongo haujakauka. Akampa mzee shikamoo, akaomba radhi kwa kumtaja binti yake redioni.

"Redio gani?" mzee akauliza. Yao ilikufa betri tangu kiangazi.

Luciana alitokea mlangoni, tope mpaka viwikoni. Akasikiliza, akakaa chini.

"Siku ile nilifika kwako na santuri kikapuni," alisema. "Nikasikia tarumbeta zile zile zinalia ndani. Nikasema ameshapata yake, mimi wa nini tena. Nikageuza."

"Ilikuwa redio, Luci. Niliwaomba wakupigie wewe."

"Walisema nini?"

Gaspari akamwangalia mzee, akaanza kufungua gramafoni.

Luciana akanawa, akaleta santuri. Ukingo ulikuwa umemeguka kwenye lori siku ya kuhama. Sauti ya Leonidas ya mwanzo yote imekwenda.

"Sasa inaanzia kwenye tarumbeta," alisema. "Pale pale nilipoikuta."

Gaspari akaishika sindano juu, hakuishusha. Akakohoa kama mtangazaji.

"Gaspari wa Singida mjini anamsalimu Luciana wa Issuna. Anasema Jumapili ni chache mno, anaomba na siku zilizobaki. Anawasalimu pia baba na mama, wamsamehe kuja bila mshenga."

Mzee akajikuna kidevu.

"Salamu zimefika," alisema. "Mshenga naye afike. Sasa weka huo muziki."

Tarumbeta zikalia, na majirani wakaja na vigoda vyao.

Lori la kurudi lilipopiga honi, Luciana alimsindikiza mpaka barabarani. Akaifunga santuri kwenye kile kitambaa chake cha kichwani, akamwekea juu ya gramafoni.

"Nenda nazo zote mbili," alimwambia. "Mimi nakuja."