Hina Haifuniki Kidonda

Bi Esha alikuwa mpaka hina wa mtaa wa Langoni. Idi ikikaribia, ukumbi wake hujaa wasichana, kelele na harufu ya karafuu.

Mwaka mmoja jirani yake Ruba, muuguzi, alimwita kwenye mafunzo ya kuwalinda watoto.

"Mafunzo ya walimu na wauguzi!" Esha alicheka. "Mimi nende nikafanye nini? Nimchore afisa maua?"

"Wewe washika mikono ya watoto kuliko daktari. Vaa buibui lako twende."

Huko alikuwako Bwana Mahdi, afisa wa watoto.

"Ukishuku kwamba mtoto anateswa, usingoje ushahidi," alisema. "Kushuku kwatosha. Kuchunguza ni kazi yetu."

Esha akainua mkono. "Lakini Bwana Mahdi, ndia yetu sisi ni kwenda kwa wazee wa nyumba. Jambo lisitiriwe."

"Sitara ni njema, Bi Esha. Lakini ukienda kwao, anayemtesa atajua. Mtoto atapigwa kwa kusema, ama atahamishwa asionekane tena. Njoo kwetu, au piga simu 116. Ni bure, na jina lako halitangazwi."

Idi ilipokaribia, Barka alikuja na Hadil, mtoto wa kaka yake aliyekuwa akimlea. Hadil alikuwa darasa la pili.

"Mpake mpaka kiwikoni. Hina nzito, ijae."

"Kwani huyu ni bibi harusi?"

"Mafuta ya mahamri yalimrukia. Wageni waja, sitaki maneno."

Esha akapandisha mkono wa kanzu. Mafuta yakiruka hutawanyika, hapa tone kubwa, pale dogo. Alama hizi zilikuwa za ndani ya mkono, zimepangana, zote sawa na kichwa cha kijiko.

"Hadil mwanangu, nikutie ua gani?"

Mtoto alimtazama kwanza shangazi yake. Kisha akainama.

Esha akaziangalia tena zile alama. Barka alisoma naye chuo cha Kurani. Je, kama yeye mwenyewe amekosea? Na mtaa mzima ni wateja wake. Watasema Esha atoa siri za nyumba za watu.

"Hina haipakwi juu ya kidonda," akasema taratibu. "Itamchoma. Nitampaka viganja tu."

Barka akasonya, lakini akakubali.

Walipoondoka, Esha alitoka. Njia ya kulia ilikwenda kwa Bwana Khatib, mzee wa ukoo wa Barka. Miguu ilitaka huko, ndiko ilikozoea. Alisimama kidogo pale njia panda. *Mtoto atapigwa kwa kusema.* Akashika ya kushoto, kwa Ruba.

"Umemhoji mtoto?" Ruba aliuliza.

"Sikumhoji, wala sikumtuhumu mtu. Nimeona tu."

"Vyema. Basi sema uliyoyaona, usiongeze chumvi."

Wakampigia simu Bwana Mahdi. Siku hiyo hiyo alikwenda na askari wa kike, bila kelele. Hadil alipelekwa hospitali, na daktari akathibitisha kuwa alichomwa kwa kijiko cha moto. Akapelekwa kwa nyanya yake, kijijini Kililana. Barka akafikishwa mahakamani.

Mtaa ukanong'ona. "Nani kasema? Hana haya!" Esha alikoroga hina yake. Ni Bwana Khatib aliyewanyamazisha.

"Aliyesema, Mungu amlipe kheri," alisema. "Angekuja kwangu, ningemwita Barka, angelia, ningemsamehe. Na mtoto angerudi kuchomwa."

Idi iliyofuata, Hadil alikuja na nyanya yake. Mashavu yalikuwa yamejaa. Akaketi, akanyoosha mikono yote miwili. Makovu yalikuwa yamefifia.

"Nikutie ua gani, mwanangu?"

Safari hii hakumtazama mtu.

"Asumini. Hapa, na hapa, na hapa. Na usinifanyie dogo, Bi Esha!"