Vitabu Ndani ya Nailoni

Fundi alikanyaga cherehani kwa hasira hadi uzi ukakatika. Mume wake, mwashi, alisimama mlangoni ameshika kiuno.

"Nimelala sakafuni tena! Kitanda kimejaa makatoni."

"Ni vitabu, Baba Watoto."

"Vitabu husomwa. Hivi vyako vinalala fofofo, mimi ndiye naumwa mgongo! Muuza karanga anataka karatasi za kufungia. Jumamosi anakuja na mkokoteni."

"Afungie karanga vitendawili vyangu? Thubutu! Atanikuta nimevikalia, na mkasi mkononi!"

Vitendawili hivyo alivitunga mwenyewe, akavichapisha kwa pesa za kushona sare. Kila kitabu alikitia ndani ya nailoni na kukibana kwa pini, kama anavyofanya kwa suti za maharusi. Vichache alivipanga kabatini, nyuma ya kioo.

Siku hiyo mteja mmoja alikuja kuchukua gauni la mwanawe. Akafungua kabati, akanyoosha mkono.

"Mikono!" Fundi alifoka. "Unanunua au unachafua?"

"Samahani, nilitaka kuona kina nini."

"Kina maneno!"

Mteja aliondoka amenuna.

"Watu hawa hawasomi," Fundi alisema. "Wanajua kutafuna tu!"

Jirani yake, mkutubi wa maktaba ya mtaa, alikuwa anasubiri sketi. Akainuka.

"Shoga, leo nakwambia. Ukitaka kunichoma sindano, nichome. Watu wanasoma! Kila siku nawaona maktaba. Wewe ndiye umewafungia mlango."

"Mimi?"

"Wewe! Suti unaifunga kwa sababu mwenyewe keshaijaribu. Kitambaa je? Nani ananunua kitambaa bila kukipapasa?"

Mkutubi alilinyooshea kidole lile kabati la kioo.

"Mtunzi bado hajulikani, basi kazi yake ionjwe. Toa nakala moja, iache wazi, ichafuke. Hiyo itakuuzia nyingine. Andika bei, maana watu wanaona haya kuuliza, tena kwa mkali kama wewe! Na kila siku andika kitendawili kimoja mlangoni. Jibu libaki kitabuni."

"Na mtu akilijua?"

"Atatamani kingine. Halafu Ijumaa njoo maktaba uwasomee watoto. Usiwafokee!"

Hasira zilimpanda Fundi, lakini safari hii zilizielekea nailoni. Alizichana zote, pini zikaruka huku na huku.

Ijumaa aliwasomea watoto. Walipaza sauti wakitaka kingine, na hakufoka hata mara moja. Jumamosi asubuhi akaandika kwa chaki mlangoni:

"Kila asubuhi anapita dirishani, jioni anatolewa, na hajafika popote. Jibu limo kitabuni."

Chini yake akaandika bei.

Mume aliporudi na muuza karanga, mlangoni hapakupitika kwa watu.

"Ni paka!"

"Paka gani asiyefika popote? Wa kwako huyo, mvivu!"

"Basi ni jua."

"Jua linatolewa na nani, wewe?"

Yule mteja wa gauni alikuwa ameshika nakala ya kuonja, imejaa alama za vidole. "Nipe viwili," alisema.

Mwashi alisoma maandishi ya mlangoni. Akakunja uso. Akasoma tena.

"Mke wangu, ni nani huyu?"

"Nunua kama wenzako."

"Unaniuzia mimi?"

"Kwani wewe si msomaji?"

Mwashi alifura. Joto likampanda, akashika kifungo cha shati shingoni akifungue. Mkono ukasimama hapohapo. Akakitazama kifungo. Akalitazama tundu lake.

"Kumbe ni wewe!" alikiambia kifungo.

Watu wakaangua kicheko.

"Karatasi zangu ziko wapi?" aliuliza muuza karanga.

"Bei hiyo hapo mlangoni," mwashi alijibu. "Na ole wako nikute karanga ndani ya kitabu!"

Akaingia chumbani. Makatoni mawili tu yalibaki. Akayasukuma chini, akajinyoosha kitandani.

Fundi alikuwa anafuta mlango kwa hasira. "Umeniharibia cha leo, mwanamume wewe! Sasa niandike kingine. Kitendawili!"

"Tega!" sauti ilitoka kitandani.