Tundu la Jirani

Wali ulikuja wa moto, umetiwa zabibu kavu na zafarani, umefunikwa vizuri kwa kitambaa. Ila haukuwa na chumvi hata chembe.

"Labda wana mzee wa presha," alisema Intisar, akachota tena kwa adabu, kana kwamba jirani alikuwa anamwona.

Ilikuwa siku ya tatu tangu wahamie Najaf, kwenye nyumba ya kwanza iliyokuwa yao kwa hati, baada ya miaka kumi na moja ya kupanga. Nyumba ilikuwa kongwe, yenye chumba cha chini ya ardhi, ngazi ishirini na sita kwenda chini, na humo ndimo familia ilimokimbilia kila adhuhuri, maana juu palikuwa hapakaliki kwa joto. Kwenye ukuta wa chumba hicho palikuwa na tundu la ukubwa wa sinia, la kupitishia vyakula kwa jirani, kama yalivyo kwenye nyumba nyingi za mtaa ule. Sahani waliikuta hapo, kwenye mdomo wa tundu. Nani angetilia shaka?

"Usiirudishe tupu, mwanangu," alisema mama mkwe wake, Bibi Nuriya. "Watatuona watu wa wapi sisi?"

Intisar akaijaza biskuti za tende. Kesho yake ikarudi na mbilingani, naye akaijaza dolma, majani ya mzabibu yaliyoviringwa na wali ndani. Wakaenda hivyo kwa wiki nne, na Intisar akawa anajisifu kwa dada zake kwamba amepata jirani wa dhahabu. Vyakula vya jirani huyo havikuwahi kuwa na chumvi, na siku hizi vilianza kunukia udongo uliochimbwa sasa hivi. Rayhana, binti yake wa miaka sita, ndiye aliyevipenda. Chakula cha mama yake alikuwa anakisukuma pembeni.

"Kinaniwasha ulimi, Mama."

Kisha Mama Kadhim wa nyumba ya pili akabisha hodi, mikono imejaa mikate.

"Nisamehe, dada yangu, sijaja kukukaribisha. Nilikuwa Karbala kwa binti yangu, mwezi mzima."

Intisar akacheka. "Na hizi sahani zako za kila siku je?"

"Sahani zipi?"

"Za kwenye tundu, kule chini."

Mama Kadhim akaiweka mikate chini. "Chumba chetu cha chini kilifukiwa kabla sijaolewa," alisema kwa sauti ndogo. "Upande wetu ni udongo mtupu, mpaka juu."

Jioni hiyo Hadi, mumewe, alitaka wahame. "Tuhamie wapi?" Intisar alimnong'oneza. "Tumeuza mpaka dhahabu yangu ya harusi." Wakaufunga mlango wa ngazi na kuamua kuvumilia huko juu.

Walivumilia siku moja. Siku ya pili umeme ukakatika adhuhuri, nyumba ikawaka kama tanuri, na Intisar alipozinduka kutoka usingizi wa jasho alikuta mkeka wa mtoto mtupu na mlango wa ngazi wazi, akateremka akijigonga ukutani, baridi ikimpanda miguuni na harufu ya udongo ikimjaa puani, akamwona Rayhana amelala kifudifudi mbele ya tundu, mkono umezama ndani mpaka begani, akichekacheka kama mtu anayetekenywa kiganja, na alipomshika kiunoni kumvuta, kitu cha upande wa pili nacho kikavuta, bila haraka, kikimpima nguvu, kisha kikaachia.

Alimpakata mtoto mpaka jioni. Hakujua amkimbizie wapi mwanawe.

Seyyid Jaafar, mzee anayesomea watu waliopagawa, alipoitwa aliishia ngazi ya kumi, hakushuka zaidi.

"Wa upande wa pili hawakuwavamia," alisema. "Mmewakaribisha wenyewe. Kila sahani mliyoijaza imewaambia waendelee kuja. Irudisheni tupu, msiseme neno. Wakishaichukua, zibeni."

"Tupu kabisa?" Bibi Nuriya alishika shavu. "Hata tende moja, Seyyid?"

"Hata punje, mama."

"Mimi sijawahi, tangu nizaliwe."

"Basi leo utajifunza."

Intisar aliiosha sahani, akaiweka kwenye tundu, akapanda kumwita Hadi aliyekuwa anakoroga saruji uani. Waliposhuka, sahani haikuwepo. Hadi akaziba kwa matofali, safu mbili, huku Bibi Nuriya amejifunika shela usoni kwa aibu.

Kesho yake mchana harufu ya udongo ilikuwa imekwisha. Walikula bamia huko juu wakiwa wote wanne, na kwa mara ya kwanza Intisar alijisikia yuko kwake. Kisha akamwona Rayhana anatafuna upande mmoja.

"Fungua mdomo, mama. Jino lako liko wapi?"

"Nimeling'oa jana. Lilikuwa linacheza."

"Umelitupa wapi?"

"Sikulitupa. Ulipokwenda kumwita Baba uliiacha sahani tupu, Mama. Nikaona aibu."

Hadi akaacha kutafuna. Bibi Nuriya alianza kusoma dua. Intisar akamvuta mtoto mapajani, akamziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia mpaka akamuumiza, akijua kwamba hakuna mlango ambao wale wa chini wangeuheshimu.

Rayhana akauondoa mkono ule taratibu. "Usiogope. Wamefurahi sana. Wamesema na wao hawarudishi tupu."

Huko chini, kwa uangalifu wa jirani asiyetaka kuamsha watu, tofali la kwanza likaanza kusogezwa.