Mbishi wa Namuwongo

"Wali umeungua."

Zuleika aliisoma meseji hiyo, ishara ya kazini kuwa siri imevuja, akiwa na kipande cha chapati mdomoni, kwenye kibanda cha kikomando, chapati na maharage, nyuma ya soko la Wandegeya. Hakutafuna tena. Aliacha noti mezani, akaivuta pikipiki yake, Bajaj Boxer, kutoka ukutani, akaiwasha.

Simu ikaita kwenye visikilizio kabla hajaingia barabarani.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Okeny, mkuu wake katika Idara ya usalama. Mzee huyo hakuwa na salamu siku za kazi.

"Wandegeya, Afande."

"Picha ya Zubairi iko Barazani. Iko pale tangu watu watoke msikitini."

"Nani kaiweka?"

"Babra."

Zuleika alilaani kwa Kinubi, lugha ambayo bibi yake aliitunza hasa kwa kazi hiyo.

Baraza la Wabishi lilikuwa kundi la Telegram. Watu wa Kampala, Nairobi na Goma walikutana humo kuraruana kwa Kiswahili. Walibishana juu ya uchaguzi, juu ya mipaka, juu ya nani kala nini serikalini. Lakini nyama waliyoigombania kuliko zote ilikuwa kesi ya Fadhul, mkaguzi wa forodha aliyezuia dhahabu ya magendo ya wageni, kisha akauawa ndani ya gari lake mbele ya geti la nyumba yake. Miaka miwili sasa. Hakukamatwa mtu.

Aliyeiona sura ya muuaji alikuwa mmoja tu: Zubairi, dereva wa Fadhul.

Idara ilimficha Zubairi katika chumba cha kupanga kule Namuwongo, kando ya reli. Jumatatu angesimama mbele ya jaji anayechunguza kifo hicho. Na kwa kuwa wenye dhahabu nao walikuwa wananusanusa mitandaoni, Zuleika alipandikizwa Barazani. Humo aliitwa Hajati Pilipili, bibi mstaafu mwenye sukari na ulimi wa wembe.

Humo humo ndimo alimokutana na Mizani.

Mizani alikuwa mfalme wa Baraza. Hakuna aliyejua sura yake. Kiswahili chake kilikuwa safi, baridi, na mbinu yake ilikuwa moja: kubisha.

"Dereva alikufa zamani," alisema, wiki baada ya wiki. "Mwenye ushahidi alete. Hana? Basi akae kimya, wanaume wanaongea."

Babra, msusi wa nywele hapo Namuwongo, alichemka moyo kwa matusi hayo mpaka akafurika. Leo alimwona Zubairi kwenye duka la kando ya reli. Akampiga picha, akaitupa Barazani na maneno yake chini: *Maiti gani hununua sabuni, Mizani?*

"Mizani kajibu nini?" Zuleika aliuliza, akichomoka katikati ya malori mawili kwenye Bombo Road.

"Neno moja. Asante."

Zuleika alikaza mwendo.

"Mbishi hasemi asante, Afande."

"Ndiyo maana nimekupigia. Gari letu limekwama mjini. Rayyan yuko ndani, anamlinda Zubairi. Nimemwambia asifungue mlango hata kwa mama yake."

"Awe tayari kumtoa."

"Amtoe aende wapi? Kama mtu huyo ameshafika, atawapiga risasi kizingitini. Mtafute kwanza."

"Kwa sura gani? Si lazima awe yule aliyeonwa na Zubairi."

"Sura ingejulikana, ningemtuma askari wa trafiki."

Okeny akakata.

Boxer iliteremka Mukwano Road, ikakiacha kilima cha Nsambya upande wa kulia, ikaingia Namuwongo. Zuleika alizima injini kando ya reli.

Reli yenyewe haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na nyanya, makaa, masufuria na viatu vya mitumba. Ng'ambo yake kulikuwa na mlango wa bati wa rangi ya bluu, umefungwa. Huko ndiko alikokuwa Zubairi.

Na huku, upande huu, walijaa wanaume. Wamesimama, wamechuchumaa, wameegemea pikipiki. Kila wa pili ana simu mkononi na waya sikioni.

Mmoja wao alikuwa anausubiri mlango ule ufunguliwe.

Zuleika aligusa kioo cha Tecno yake na kuingia katika chumba cha sauti cha Baraza. Makelele yakampokea.

"Picha ya kutengeneza hiyo. Babra mwongo."

"Mwongo ni baba yako, ssebo. Nimemwona kwa macho yangu."

"Macho yako na kope za kubandika utaona nini?"

Jina la Mizani lilikuwa juu kabisa kwenye orodha. Maiki yake imefungwa. Anasikiliza tu.

Zuleika alishusha bastola yake, Glock 19, kutoka kiunoni hadi mfuko wa koti. Halafu akaikwaruza sauti yake mpaka ikazeeka.

"Asalaam aleikum, vichwa maji."

Chumba kilicheka. Kilimpenda Hajati kwa sababu alimchukia kila mtu sawasawa.

"Mnapigana juu ya dereva," alisema. "Dereva si kitu. Mimi nimelisoma jambo hili. Huyo aliyemuua Fadhul mnamwita jasusi, mtaalamu, mtu wa nje. Uongo. Alikuwa mwizi wa simu."

"Banange," mtu akashangaa. "Hajati leo kaamka vibaya."

"Mwizi wa simu, na tena mwoga. Mkono ulimtetemeka kama wa bibi harusi. Risasi zilimponyoka ovyo, nyingine ukutani, nyingine kwenye tairi. Fadhul alikufa kwa bahati mbaya tu."

Vicheko vikapanda. Zuleika aliyapitisha macho yake sokoni. Hakuna aliyenyanyua kichwa.

Maiki ya Mizani ilibaki imefungwa.

"Mizani yuko hapa," akaendelea. "Siku zote ana jibu. Leo kanyamaza. Mizani, mwanangu, umemeza mfupa?"

"Hajati kamfunga mdomo," Babra akadakia.

"Mfalme kavuliwa kanzu," mwingine akasema kutoka Goma. "Miaka miwili anatutukana, kumbe bibi mmoja anamtosha."

Hapo ndipo penye donda la wabishi wote. Ukimtukana mama yake, mbishi atavumilia. Ukisema jambo lisilo kweli mbele ya watu, naye anaijua kweli, itamwasha mwilini kama upupu. Mizani alijiunga na Baraza kwa ujira, kuwinda. Lakini amekaa nalo miaka miwili, na Baraza limemkaa damuni.

Maiki yake ikafunguka.

"Hajati," alisema, baridi kama siku zote. "Unaongea usiyoyajua."

"Basi nifundishe."

"Hakuna risasi iliyokwenda ukutani. Hakuna iliyokwenda kwenye tairi. Ilikuwa moja. Chini ya sikio la kushoto. Mtu anayetetemeka hapigi pale."



Ripoti ya daktari ilikuwa imefungwa na mahakama. Zuleika aliisoma ofisini kwa Okeny, mlango ukiwa na komeo. Risasi moja. Chini ya sikio la kushoto.

Alinyoosha kidole gumba, akabonyeza honi ya Boxer.

Piii.

Ikapita nukta. Kisha honi ile ile ikalia tena, ndani ya sikio lake, kupitia maiki ya Mizani.

Yuko hapa.

"Nani kakwambia, mwanangu?" Zuleika aliuliza taratibu, akishuka kwenye pikipiki. "Ulikuwepo?"

"Mwenye akili hahitaji kuwepo."

Hakusikiliza tena maneno. Alitazama midomo. Mwenye nyanya, anatafuna. Wawili wa bodaboda, wamelala juu ya tangi. Kijana mwenye kofia, anacheka na simu lakini hasemi kitu.

Genge la viatu.

Mwanamume wa makamo alikuwa amechuchumaa pale, nadhifu, begi la ngozi begani, kiatu kimoja mkononi kama mteja asiyeamua. Midomo yake ilitangulia, maneno yakafuata sikioni mwa Zuleika.

Aliuvuka msururu wa nyanya bila haraka. Akasimama mbele yake.

"Hicho namba ngapi, kaka?"

Mtu yule alianza kujibu. Halafu akaganda.

Maiki ya Zuleika ilikuwa bado wazi. Swali lake lilimfikia Mizani mara mbili: kwanza hewani, kisha sikioni.

Aliinua macho. Alielewa.

Mkono wake ukazama ndani ya begi. Zuleika alilipiga teke begi pamoja na mkono. Mfupa ukalia. Bastola yenye kizuia sauti ikaruka na kutua kati ya viatu. Mizani alimrukia kichwa mbele. Zuleika akakwepa, akampa goti la mbavu, akamlaza kifudifudi juu ya reli na kumkalia mgongoni. Mdomo wa Glock ukagusa chini ya sikio lake la kushoto.

"Mkono wangu unatetemeka?" aliuliza.

Mizani alihema vumbi. "Hajati Pilipili. Nilidhani wewe ni kizee."

"Nami nilidhani wewe ni mwerevu."

Alimfunga pingu.

Gari la Okeny lilipofika, mlango wa bluu ulifunguliwa. Zubairi, mwembamba, macho hayatulii, alitoka akiwa ameshikwa bega na Rayyan. Alipomwona mtu aliyelala kwenye reli, akamnyooshea kidole.

"Ndiye," alisema. "Wallahi ndiye. Alimsalimia mzee Fadhul kwanza, kwa jina, mzee akafungua kioo."

"Hayo usinimalizie mimi," Zuleika alimwambia. "Kayaseme Jumatatu."

Okeny alimkagua mfungwa, kisha akamkagua Zuleika. "Umefanya fujo sokoni."

"Kuna watu mia kadhaa wamemsikia akikiri, Afande."

"Wanasemaje?"

Zuleika alimpa kisikilizio kimoja. Barazani, nusu walikuwa wanaapa kuwa Mizani ni shujaa aliyesingiziwa. Nusu nyingine walikuwa wanabishana kama sikio lilikuwa la kushoto au la kulia.

Okeny alimrudishia kile kisikilizio kama mtu aliyeshika mende.

Meseji ya sauti ikaingia, ya faragha. Babra. Sauti yake ilikuwa ya kulia.

"Hajati, huyo dereva yuko salama? Sikutaka mabaya. Nilitaka tu kumshinda Mizani."

Zuleika alirekodi jibu kwa sauti yake halisi, isiyo na uzee.

"Yuko salama. Umeshinda. Nusura tumzike mtu kwa ushindi wako."

Akajitoa kundini. Aliokota kiatu kilichoangukia matope, akakifuta kwa mkono wa koti, akamrudishia mwenye genge.

Kisha akapanda Boxer na kuondoka polepole, akiwapisha wenye nyanya waliokuwa tayari wanapanga upya bidhaa zao juu ya reli.