Mshono wa Koti la Mkatili

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na ni fundi cherehani tu ambaye angeweza kulifanya.

Fundi huyo alikuwa mpole hata wateja wakorofi walikuwa wanakaripiwa na mkewe kwa niaba yake. Kikundi cha maigizo cha mtaani kilipompa nafasi ya Mkatili, mume anayemnyonga mkewe mwishoni mwa mchezo, majirani walicheka mpaka machozi. Naye alikubali papo hapo. Alikuwa amechoka kuitwa Kondoo.

"Wewe? Hata kuku humchinji," mkewe alimtania.

"Ndiyo maana kunaitwa kuigiza, mama watoto."

Kikundi kilikuwa na mwiko mmoja: koti jeusi la Mkatili halitoki ukumbini. Linavaliwa jukwaani, linavuliwa jukwaani, kisha Bibi Sanduku, mtunza mavazi, analifungia. Fundi hakuuliza sababu. Kilichomkera ni mshono ndani ya bitana, upande wa moyo: uzi mnene, umeenda upogo, una mafundo saba kama umeshonwa na kipofu. Kila akilivaa, macho yake yalienda pale pale. Bibi Sanduku alipougua na kukosa mazoezi siku moja, fundi alilikunja koti akaenda nalo nyumbani.

"Aibu gani hii! Mshono mbaya hivi nitasimama nao mbele za watu?" alisema, akaanza kufumua.

Alipokata fundo la saba, harufu ya nywele zinazoungua ilijaa chumba. Mkasi uliokuwa mezani ukafunguka, ukajifunga. *Kacha.*

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Upepo tu."

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Kesho yake mteja mmoja alilalamika kwamba suruali inambana. Fundi alimshika mkono, akauweka mezani taratibu, akaukandamiza kwa pasi ya moto huku akimtazama usoni. Watu wanne walihitajika kumtoa. Siku ya onyesho, jioni, mkewe alipomwekea chai, fundi alimkaba koo akamnyanyua hadi visigino vikaacha sakafu. Vidole vilikaza, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka fundi mwenyewe.

"Kimbia," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mke wangu, kimbia. Si mimi."

Kisha kitu kingine kikacheka ndani ya kinywa chake. Mikono ililegea kidogo tu, mkewe akachomoka na kukimbia pekupeku mpaka kwa Bibi Sanduku.

"Amefumua?" Bibi aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Amefumua, Bibi. Akashona upya, vizuri."

"Vizuri!" Kikongwe alijipiga paji la uso. "Mwanangu, ule haukuwa mshono wa kupendeza. Ulikuwa wa kufunga. Mkatili wa kwanza alikaribisha jini limsaidie kuigiza, likamuua mkewe jukwaani huku watu wanapiga makofi. Mganga alilishonea mle kotini."

"Nifanye nini? Nampenda yule mwanamume."

Bibi alimpa sindano na uzi mweusi. "Lishone tena akiwa amelivaa. Uzi upite kwenye koti na kwenye nyama yake. Mafundo saba, na afunge yule linayemtaka. Linakutaka wewe."

Mkewe alifika ukumbini mchezo ukiwa unakaribia mwisho. Fundi alikuwa amemlalia muuguzi mmoja wa kikundi aliyeigiza kama mkewe, anamnyonga kwelikweli, na ukumbi mzima ulikuwa umesimama unashangilia, wanaume wanapiga miluzi, mwongozaji anajifuta machozi ya furaha, huku miguu ya yule muuguzi inapiga mbao za jukwaa, tena polepole, tena polepole zaidi, na ile harufu ya nywele zinazoungua inashuka mpaka viti vya mbele, wala hakuna aliyejiuliza inatoka wapi.

Mkewe alipanda jukwaani. Jini likamwachia muuguzi mara moja, likamrukia yeye, likambamiza ukutani mara ya kwanza, mara ya pili, meno mawili yakamtoka, na watu wakapiga makofi zaidi, naye akaikumbatia ile shingo aliyoilalia miaka kumi na mbili, akachoma sindano kwenye koti mpaka kwenye kifua, akavuta, akafunga, akachoma tena huku kidole chake kinavunjwa, tena huku sikio linang'atwa, damu zao zikachanganyika mikononi hata uzi ukawa unateleza, na fundo la saba akalikaza kwa meno yaliyobaki.

Fundi alianguka kama gunia. Makofi yakazimika. Sasa ndipo walipoona damu.

"Asilivue koti siku saba," Bibi Sanduku aliagiza. "Baada ya hapo tutaukata uzi mimi na wewe, tulizike."

Fundi alilala nyumbani na koti lake, mpole kuliko zamani. Aliomba msamaha mpaka mkewe akamwambia basi, yamekwisha, mbona hata bila meno bado unanitaka. Walicheka wote wawili. Ilikuwa raha kumsikia akicheka.

Siku ya sita, mchana kweupe, mkewe alimpelekea maji. Fundi alikuwa ameketi kitandani ameinamisha kichwa, sindano ikiwa mdomoni, kama kawaida yake anapomaliza kazi. Mkewe alilifunua koti. Mafundo saba yalikuwa yametupwa kwenye shuka. Kwenye kifua, ngozi na bitana vilikuwa vimeungwa kwa mshono mwembamba, ulionyooka, mzuri kuliko wote aliowahi kushona.

"Baba watoto," alinong'ona, "umefanya nini?"

Fundi aliinua uso. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya upole, yenye haya kidogo.

"Nisamehe, mke wangu. Ulikuwa mbaya mno. Nilishindwa kuuvumilia."

Kisha harufu ya nywele zinazoungua ikamfikia, na nyuma yake, mezani, mkasi ukafunguka.