Zamu ya Shemsa

Siku hiyo Bakar alirudi nyumbani Kiponda kula chakula cha mchana akiwa hanuki tumbaku.

Kwa mke mwingine ingekuwa neema. Mwatima aliweka upawa chini. Tangu amjue, mumewe alinuka tumbaku kama gunia lake, na haki yake kunuka, kwani ndiyo iliyokuwa kazi: mwonjaji wa siga, yale mabiri manene ya kigeni, katika Kamati ya Kuhakiki Bidhaa za Starehe. Kamati iliundwa baada ya Mapinduzi, ilipobainika kwamba wageni wa serikali wanazidi, na kwamba baadhi yao, pamoja na siasa zao zote, hawafungui mazungumzo mpaka wawe na siga mdomoni. Wajumbe hawakuwa wavutaji. Mwenyekiti alikuwa na pumu. Ikabidi atafutwe Bakar, aliyekulia katika duka la tumbaku Darajani mpaka mwenye duka akafunga na kwenda zake Bombay.

Mwatima alisogea, akainusa kola ya shati. Asumini. Chini ya asumini, udi. Na chini ya udi kitu cha baridi, kama harufu inayotoka pangoni penye maji.

"Umepitia kwa nani?"

"Nimetoka kazini, bibi, nimekuja kula."

"Kazini kwenu sasa munatunga vikuba vya asumini?"

"Zimeletwa siga mpya za kuonja. Zinanukia hivyo."

"Siga inanukia mwanamke?"

Bakar alitabasamu, lakini si kwake. Wali wake hakuumaliza.

Wivu wa Mwatima ulijulikana mtaa mzima. Aliwahi kuionea wivu redio kwa sababu mtangazaji wa kike alikuwa na sauti nyororo, akawa akiifunika kanga kila taarifa ya habari inapoanza. Wala hakuona haya. Mume wake alikuwa mzuri wa sura na mpole wa maneno, na mtu mwenye kitu kama hicho halali mlango wazi.

"Niletee hiyo siga niione," alisema.

Kesho yake Bakar akaja na boksi zima la mbao nyekundu. Kila siga ilivishwa utepe wa karatasi wenye picha ya mwanamke aliyejitanda mpaka puani, macho tu yakionekana, na chini yake jina: Shemsa.

Mwatima aliketi, akaikagua moja kama akaguavyo mama mkwe. Kukagua alifunzwa na Bakar mwenyewe, siku zile mpya za ndoa, walipokuwa hawana cha kuzungumza ila kila mmoja alichokijua.

"Imetengenezwa nchi gani?"

"Haikuandikwa."

"Kiwanda?"

"Hakikuandikwa."

"Aliyeileta?"

"Mtu tu. Kaisifu mpaka basi, kataja bei ya bure, kaondoka kabla sijamuuliza jina."

"Na weye ukanyamaza."

Aliibonyeza. Siga ya kuaminika hubonyea kidogo ikarudi, haina vinundu wala haiko tupu. Hii ilikuwa na joto, na chini ya kidole chake kitu kilipiga, kikaacha, kikapiga. Akaishika kwa ncha za vidole. Utepe wa siga njema huteleza ukatoka. Huu ulikuwa umegandishwa, na alipouvuta jani la juu likachanika. Ndani hapakuwa na majani marefu yaliyolazwa pamoja. Palikuwa na makombo ya sakafuni, yale yanayofagiwa jioni, na katikati ya makombo unywele mmoja mrefu, mweusi, umepakwa mafuta.

"Bwana, weye ndiye uliyenambia chapa mpya isiyo na kwao haitiwi mdomoni."

"Nilikwambia."

"Sasa?"

"Hii mbali na hizo," alisema Bakar, polepole, kwa ile sauti ambayo Mwatima aliidhani yake peke yake.

Kamati ilikwisha kuipitisha. Boksi lilionekana madhubuti na lingefaa kuwekea mihuri.

Baada ya sala ya alasiri Bakar alikaa kwenye mkeka ukumbini, dirishani, akawasha. Mwatima alisimama mlangoni, akiuangalia moshi. Haukupanda. Ulishuka, ukajikusanya pembeni mwa mumewe, ukatulia hapo kwa kimo cha mtu aliyekaa. Hilo angelivumilia. Asilolivumilia ni kwamba Bakar, bila ya kugeuka, alijivuta kidogo kuupisha nafasi.

Wivu ukampanda mpaka masikioni, na kwa kejeli aliyoizowea akasema, "Karibu, mke mwenzangu. Mbona hupigi hodi? Leo zamu yangu, kesho yako."

Moshi ukainama. Kutoka ndani yake, kwa sauti nzito ya mwanamke aliyelala sana, ikasemwa: "Shikamoo, bi mkubwa."

Na mdomo wa Mwatima, uliofunzwa adabu kabla ya meno kuota, ukaitika wenyewe kabla ya akili kufika.

"Marahaba."

Kesho yake, jua lilipokuwa bado halijazama na ngazi bado zina mwangaza, alisikia vikuku vinapanda, taratibu, kidaraja baada ya kidaraja, kama vya mwanamke aliyealikwa na ambaye hana sababu ya kuharakisha, vikapita kizingiti, vikampita yeye mwenyewe jikoni na upepo wa asumini na lile baridi la pangoni, vikaingia chumbani kwake, kwenye kitanda alichopewa na mama yake siku ya harusi, na mlango ukajifunga bila ya kupigwa, na alipouendea na kuusukuma ukawa mzito kama umeegemewa na mgongo wa mtu, na ndani akamsikia Bakar akizungumza kwa kituo, akinyamaza kumsikiliza ambaye Mwatima hamsikii, kisha akicheka, kicheko kile cha zamani cha miezi ya kwanza, ambacho alidhani kimekufa kwa uzee tu, kumbe kilikuwa kimewekwa akiba. Alilala jikoni, kanga mdomoni, asisikike akilia.

Siku iliyofuata ilikuwa yake. Bakar alitoka chumbani amekonda, akamwamkia vizuri, akala, akakaa naye. Alikuwa kama mtu anayengoja meli. Na siku ya pili yake vikuku vikapanda tena, kwa haki kabisa, bila ya kula hata saa moja ya mwenzake.

Mwatima alikwenda ofisini kwa Kamati. Katibu, Bwana Usi, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amefumbata kalamu mkononi, maana alikuwa mtu wa heshima.

"Bi Mwatima, bidhaa imeshapita," alisema. "Sisi hupokea malalamiko ya kuvunjika, kuoza na kupungua. Hili lako ni la kuzidi. La kuzidi halina utaratibu."

"Mume wangu anakwisha, Bwana Usi."

"Huko ndiko kupungua, lakini Bakar si bidhaa." Akateremsha sauti, akatazama mlango. "Nenda Mangapwani. Kwa Bi Mwanakheir. Usiseme nimekwambia mie."

Bi Mwanakheir alikuja Ijumaa, kibibi kifupi chenye tambuu shavuni, akapanda ngazi akinusa kila pembe kama anayenunua samaki. Akamtazama Bakar aliyekaa mkekani, mashavu yameingia ndani. Akamwita Mwatima pembeni.

"Ulimkaribisha?" alinong'ona.

"Kwa kejeli, bibi."

"Hawa hawajui kejeli, mwanangu. Wanajua maneno. Ukampa zamu?"

"Nikampa."

"Akakwamkia?"

Mwatima akainamisha kichwa. "Nikamwitikia."

Bi Mwanakheir alihamishia tambuu shavu la pili. "Basi si mwizi huyo. Mwizi nnamtoa kwa chetezo, akatoka mbio. Huyu mke, na mke hutolewa kwa talaka. Mumeo aseme mwenyewe, kwa ulimi wake, amtaje kwa jina. Akimtaja, keshatoka, wala harudi."

"Na akili yake anayo? Si kashikwa?"

"Ndiyo kazi yangu hiyo. Ntamvuta huyo bibi anipande mie kichwani. Akiwa kwangu, kwake hayupo. Bakar atabaki Bakar. Mwulize wewe, atajibu yeye."

Mwatima alivuta pumzi, mara ya kwanza tangu lile boksi liingie. Bakar akiwa Bakar, hapakuwa na la kuogopa.

Ubani ukatiwa motoni jua likielekea magharibi. Bi Mwanakheir alijifunika shuka nyeupe, akasoma, akayumba. Vikuku vikalia ngazini, si kwa taratibu safari hii, vikaja kama vya mtu anayevutwa mkono, vikafika mkekani, vikakatika. Chini ya shuka mwili ule mfupi ukanyooka, ukakaa kwa madaha ya mwanamke kijana, na asumini ikajaa ukumbi mpaka taa ikafifia.

Bakar alishtuka. Akajishika mashavu, akatazama dirisha, chetezo, mkewe. Macho yake yalikuwa safi kama maji ya kisima. Mwatima aliyajua macho hayo. Ndiyo aliyoolewa nayo.

"Mwatima," alisema. "Nimekuwa wapi mie?"

"Ulikuwa mbali, bwana. Umesharudi." Akampangusa uso kwa ncha ya kanga. "Hebu tamka umwache. Mtaje kwa jina."

Kutoka chini ya shuka, ile sauti nzito ikasema kwa upole, "Aseme. Mie nakubali atakalosema. Nawe ukubali, bi mkubwa?"

"Nakubali," alisema Mwatima, bila ya kufikiri.

Bakar aliitazama shuka. Akamtazama mkewe, kwa muda mrefu, kwa huruma. Alitazama jikoni, mkeka, ile redio iliyofunikwa kanga. Kisha akasema, sauti yake mwenyewe, wazi, kila herufi mahali pake:

"Nimemwacha Mwatima."

Kaa moja likapasuka chetezoni. Kisha shuka ikalegea, Bi Mwanakheir akaanguka ubavu, akapiga chafya, akajifunua akitafuta tambuu yake.

"Kamtaja?" aliuliza, akihema.

Mwatima alikwisha kuanza kukunja kanga zake, moja juu ya moja, pembe kwa pembe.

"Bibi," alisema, "alipokuwa anasema, yule alikuwa wapi?"

"Kwangu. Mzito kama jiwe, hakunitoka hata nukta. Kwani nini?"

Mlango wa chumbani ulikuwa umeanza kujifunga. Bakar alikuwa keshaingia ndani.